Naomba ushauri: The Smiths nianze na albamu ipi?

Wakuu, habari zenu. Mimi ni mtu wa rumba, ila mpwa wangu kanisikilizisha The Smiths, bendi ya rock ya Manchester, Uingereza, na gita la Johnny Marr limenigoma kutoka kichwani. Halikwaruzi, linatiririka tu (kidogo linikumbushe solo za Wakongo, msinicheke).

Walianza 1982. Albamu ya kwanza ikatoka 1984 chini ya Rough Trade, kampuni ndogo isiyo na mabavu, na mwaka uliofuata albamu ya pili, Meat Is Murder, ikashika namba moja Uingereza. 1987 wakasambaratika. Miaka mitano tu!

Sasa nifuate mpangilio, au niruke hadi The Queen Is Dead ya 1986? Na ile sauti ya kulalama ya mwimbaji wao, Morrissey, mtu huizoea kweli?