Naomba ushauri: nawalea wanangu wajue mila za Anishinabe

Habari zenu wapendwa. Mimi Mtanzania, naishi Duluth, Minnesota, Marekani. Mume wangu ni Mwanishinabe, yaani wa jamii ya wenyeji asilia wa huku. Watoto wana miaka 3 na 5. Bibi yao ndiye alikuwa mwalimu wao, katutoka mwaka jana. Bado namuona kamshika mjukuu mkono, wanaweka tumbaku kidogo ziwani kabla ya kuvuna manoomin, ule mpunga wa majini, mtoto akisema "miigwech", asante.

Yale mafundisho saba ya maadili ya Waanishinabe, unyenyekevu ukiwemo, nimeyabandika ukutani, lakini wa miaka 3 nimweleweshe vipi unyenyekevu? Na hadithi za Nanabozho, shujaa mjanja wa ngano zao, husimuliwa theluji ikiwa imeanguka tu, kama sisi tulivyokatazwa hadithi mchana. Je, mimi mgeni nizisimulie, au nimtafute mzee wa kwao? Mlioolewa huko, mlianzaje?