Napima kasi ya intaneti, Speedtest inasoma 18, Fast.com inasoma 4: niamini ipi?

Wakuu, habari za jioni. Nimefungiwa intaneti ya faiba nyumbani Tabata, kifurushi cha Mbps 20 (megabiti 20 kwa sekunde). Mchana nikipima napata 19, ila nikipakua faili kasi haivuki megabaiti 2 na ushee kwa sekunde. Nilitaka kuwagombeza mafundi, kumbe baiti moja ni biti 8, hapo sijaibiwa. Kinachoniumiza ni saa mbili usiku: Speedtest bado 18, Fast.com ya Netflix 4, na video zinakwama kweli! Nimechomeka waya kwenye ruta, watoto nimewanyang'anya simu (kelele zake msiulize), majibu yale yale. Tatizo liko wapi? Nikiwapigia hao jamaa niwaoneshe ushahidi gani, wasiniambie tena "zima uwashe"?