Ngome moja, askari mmoja: sare hii niliipotezea wapi?

Chesi_Bwaise: Habari za jioni wakubwa. Jumapili nilikuwa Jinja kwenye mashindano ya chesi, raundi ya mwisho, nacheza nyeusi. Tukabaki hivi (herufi ni safu ya wima, namba ni mstari wa kulala): mpinzani mfalme d5, ngome a7, askari e5, mimi mfalme e8, ngome b6. Zamu yangu. Nimeomba sare, katikisa kichwa bila hata kunitazama. Saa yangu ilikuwa na dakika moja na kitu, ila kila hatua inaongeza sekunde 30.

Nikaona ngome yangu b6 imekaa tu kama mgeni. Nikaishusha b1 nimpige cheki, yaani kumshambulia mfalme wake, kwa nyuma. Akaleta mfalme e6, anatishia kunimaliza kwa ngome a8. Mkono ukaenda wenyewe: mfalme d8. Cheki a8, nikakimbilia c7, basi, sikupumua tena. Kwenye taksi nimeitazama karatasi ya hatua mpaka Lugazi. Kosa ni ile b1, au nilipokubali kubadilishana malkia mapema?

Mzee_wa_Walukuba: Malkia waache, hawana kesi. Hiyo ngome uliyoiona imekaa tu ndiyo ilikuwa askari wa zamu getini! Ikiwa mstari wa 6, mfalme wake hapiti. Wewe itembeze b6, g6, b6, mpaka achoke. Akisukuma askari e6, hapo sasa ndipo unashuka b1, maana mfalme wake amekosa pa kujificha cheki. Ni ulinzi wa Philidor, yule Mfaransa wa karne ya 18. Kijana, uliharakisha kwa hatua moja.

Farasi_Mweusi: Mzee, kwa heshima, b1 ilimtia kijana taabuni lakini haikumuua. Alikuwa bado na mfalme f8. Cheki a8, mfalme g7, na sare ipo. Kilichomuua ni d8.

Chesi_Bwaise: Kaka, d8 na f8 si ni kitu kilekile? Zote ni kukimbia.

Farasi_Mweusi: Hesabu safu. Askari yuko e. Upande wa f, g, h ni safu tatu. Upande wa a mpaka d ni nne. Mfalme unampeleka upande mfupi, ule mrefu unaiachia ngome ipige cheki kutoka mbali. Wewe ulijazana na ngome yako chumba kimoja. Ukiihamishia kule h, iko karibu mno na mfalme wake, cheki zinaisha upesi.

Mzee_wa_Walukuba: Nimekubali, f8 ilikuwepo. Nami hapo ningekimbilia d8, tusidanganyane.

Mama_Ubao: Na ukiulinda mstari wa 6, endelea kuandika hatua zako. Zikipita 50 kwa kila mmoja bila askari kusogea wala kete kuliwa, simamisha saa umwite mwamuzi udai sare. Huna haja ya kumbembeleza mtu anayetikisa kichwa.

Chesi_Bwaise: Asanteni. Nimempa mdogo wangu nyeupe, tumewekeana dau la rolex, ile chapati ya kuviringishwa, ya mayai mawili. Hatua ya 23 kakasirika, kasukuma e6. Nikashuka b1. Kaleta mfalme d6, cheki d1. Sasa hivi kainamia ubao anatafuta pa kumficha.