Hivi kuipa silaha nchi ndogo kunamzuia jirani mkubwa asivamie, au kunamchokoza tu?

Mtu_wa_Kijiweni:
Wakuu habari za jioni. Jana tumebishana mpaka kahawa ikapoa. Mshikaji mmoja anashikilia kwamba Marekani na Uingereza ndo walioiponza Ukraine kwa kuijaza silaha, nikamuuliza mbona 2014 hawakuwa nazo za maana na rasi yao ya Crimea ilibebwa na Mrusi karibu bila risasi? Akatulia kidogo halafu akaniuliza sasa zile Javelin, makombora ya kuulia vifaru, walizoanza kupewa 2018 zilizuia nini, si Februari 24, 2022 Mrusi aliingia tu? Hapo nikakwama kwa kweli. Naombeni msaada.

Babu_Tindo:
Mkuu huyo mshikaji kauliza la maana. Mi naona silaha zilikuwepo ila aliyevamia hakuamini kama wenyewe watapigana, kichwani alikuwa na picha ya Crimea. Cheki alivyoingia, siku ya kwanza tu kashusha makomando uwanja wa ndege wa Hostomel, pua na mdomo na Kyiv, huo ni mpango wa mtu anayetegemea kumaliza ndani ya siku chache, baadaye msafara wa magari wa kilomita kama 60 ukakwama barabarani. Halafu Javelin yenyewe ni kitu cha kubeba begani, unafyatua unakimbia, kombora linapanda juu kisha linashukia paa la kifaru pale chuma chake ni chembamba. Kitu cha hivyo kinakaa stoo, adui anakijua akishaungua. Ili umzuie mtu inabidi aione silaha na aihesabu kabla hajaanza safari.

Shangazi_Zuu:
Babu nakubali nusu. Silaha anayoihesabu kila mtu ni nyuklia na Ukraine walikuwa nayo, 1994 wakakubali kuitoa yote baada ya Urusi, Marekani na Uingereza kusaini pale Budapest kwamba mipaka yao itaheshimiwa. Inaniuma hiyo, wametoa chuma wakapewa karatasi. Ila tazameni na Finland, 1939 walivamiwa na Sovieti wakiwa hawana vifaru vya kuhesabika, wakapigana siku 105 kwenye theluji, wakapoteza kama sehemu moja ya kumi ya ardhi lakini nchi ikabaki yao, na mpaka leo vijana wao wa kiume wanapita jeshini. Na bado 2023 wakaingia NATO, ule muungano wa kijeshi wa Marekani na Ulaya, maana yake hata wao waliona silaha za peke yako hazitoshi.

Kaka_wa_Daktari:
Mdogo wangu alikuwa anasoma udaktari mji wa Kharkiv, Ukraine, kutoka pale mpaka wa Urusi ni kilomita kama 40 tu. Wiki ya kwanza alilala chini kwenye stesheni ya metro, anapiga simu usiku ananong'ona, mama huku hali mbaya. Mji ule haukutekwa ndugu zangu. Anayesema silaha zinachochea tu namwelewa, ila akae siku moja na aliyekuwa mle ndani asikie walivyokuwa wanaombea hizo silaha zifike haraka.

Mtu_wa_Kijiweni:
Asanteni sana, kesho namrudia na hili la kuonekana mapema. Kaka pole mno, dogo alimaliza chuo?

Kaka_wa_Daktari:
Alihamia Poland mkuu, bado mwaka mmoja.