Watunzi wa simulizi za binti na kijana wa sayari nyingine, mnatuona wajinga?

Wakuu, mimi hizi simulizi nazipenda, kwa hiyo asije mtu hapa na "kama hupendi usisome". Nasoma na hela natoa. Leo acheni nifoke.

Kuna mtunzi anauza simulizi kwenye kundi la WhatsApp, unatuma hela unatumiwa sehemu zinazofuata. Binti wa kidato cha sita, chombo kimetua usiku nyuma ya bweni. Nikanasa. Mlango unafunguka, anatoka eliani, yaani kiumbe wa sayari nyingine: mrefu, maji ya kunde, kifua cha gym, Kiswahili kimenyooka kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Sehemu ya pili tayari wanapigana busu. Nikauliza kistaarabu, huyu ueliani wake uko wapi? Admini akanitoa kwenye kundi. Hela niliyolipia mbele imebaki huko huko.

Sasa nisikilizeni. Kijana, tunaambiwa, ana miaka 17 na kwao ni kwenye nyota ya Proxima Centauri. Hiyo ndiyo nyota iliyo karibu nasi kuliko zote ukiacha Jua, na bado ni miaka ya mwanga 4.2, yaani hata mwanga wenyewe unasafiri zaidi ya miaka minne kufika. Voyager 1, chombo cha anga cha NASA, inakwenda kama kilomita 17 kwa sekunde na umbali huo ungeichukua zaidi ya miaka 70,000. Chombo chake namsamehe, ni hadithi. Ila miaka 17 ya wapi? Sayari ya Proxima b inaizunguka nyota yake kwa siku 11 na ushee, huo ndio mwaka wao. Zidisha mara 17, hata siku 200 za kwetu hazifiki. Mchumba gani huyo, si wa kubebwa mgongoni! Na kama ni miaka ya huku kwetu, basi kwao keshauona mwaka mpya zaidi ya mara 500. Hebu fikiria binti anamuuliza "una miaka mingapi?" na jamaa anakwama. Sehemu nzima tamu ilikuwa hapo, mtunzi kaipita kama basi la usiku.

Halafu lile busu. Mwaka 1969 Armstrong na wenzake waliporudi kutoka Mwezini waliwekwa karantini ya siku 21, ikihofiwa wamebeba vijidudu. Watu wetu wenyewe hao, tena wametoka mahali pasipo hata hewa ya kuvuta! Huyu wa nyota nyingine hajawahi kuugua hata mafua ya kwetu, anapewa mdomo sehemu ya pili tu. Nyota yao ni kibete chekundu, yaani nyota ndogo isiyo na joto kama Jua letu, mwanga wake mwingi ni ule ambao macho yetu hayauoni kabisa. Kwa macho ya huko, gauni la binti lingekuwa na rangi gani? Ngozi yake je? Kijana angemsifia kwa maneno ambayo binti haelewi yanasifia nini. Mimi hiyo ningeilipia mara mbili.

Na msiniambie wazungu nao ndivyo wanavyofanya. Tamthilia ya Kimarekani ya Roswell ya mwaka 1999, vijana wake wa kieliani walikuwa wazuri wa sura, sikatai, lakini waliandikiwa sababu: walitengenezwa kwa kuchanganywa na vinasaba vya binadamu. Max, mmoja wao, anamponya Liz, binti wa kibinadamu aliyepigwa risasi mgahawani, tumboni kunabaki alama ya kiganja ya rangi ya fedha. Wale vijana wakila wanamwagia Tabasco, ile sosi ya pilipili, kila kitu, hata vitu vitamu. Kitu kidogo tu, lakini kiliwakaa watu hadi kituo cha runinga kilipotaka kuifuta tamthilia, mashabiki wakakitumia chupa za Tabasco. Ikaendelea mpaka 2002.

Mwandishi mwenye asili ya Nigeria, Nnedi Okorafor naye, kwenye kitabu chake kiitwacho Binti cha 2015, kamkutanisha msichana wa Kihimba, kabila la Namibia, na kiumbe mfano wa kiwavi wa baharini (jellyfish), yule mwenye mikia inayowasha. Ni urafiki, mapenzi hamna, na bado msichana nywele zake zinageuka kuwa mikia ile ile. Kumjua mgeni kumemgharimu mwili.

Tena wa pwani wala hatukuhitaji kwenda mbali. Jini mahaba ana wivu, ana masharti, anataka ubani na marashi, na mume wa kibinadamu halali kwa amani nyumba hiyo. Bibi zetu walimtunga mpenzi asiye binadamu bila hata kujua Proxima ni nini. Wewe una intaneti unatuletea mwanamodo kashuka na chombo.

Mwenye simulizi ambayo eliani ni eliani kweli aiweke hapa, hata kama ni ya kulipia. Na wewe mtunzi, najua humu unapita: sehemu zilizobaki sizitaki, nirudishie hela yangu.