Ukoo wetu "ulikuja na Stanley": nitajuaje njia aliyopita mzee wetu?

Mjukuu wa Bombo

Asalaam aleikum wakuu. Naandika nasaba ya ukoo wetu wa Kinubi, wazao wa askari wa Kisudani, hapa Bombo, Uganda. Upande wa baba tunafika kwa babu wa babu, hapo tunakwama. Wazee wote wanasema alikuja na Stanley, yule msafiri Mzungu. Alikuwa shawishi (sajenti), ila kuna shangazi anayeshikilia kwamba alikuwa mpagazi kutoka Pwani. Tuna Kurani yake yenye mwaka 1310 kwa tarakimu za Kiarabu ukurasa wa mbele, na medali ya fedha iliyooza utepe, ukingoni ina maandishi yaliyofutikafutika. Nianzie wapi? Na ni lazima nifike London?

Karani Mstaafu

Wa aleikum salaam. Anza na njia, jina liache kwanza. Majina ya watu wale yalikuwa machache na yanajirudia kila kambi. Njia nazo zilikuwa chache, lakini kila moja ina tarehe zake.

"Alikuja na Stanley" kwa ukoo wa Bombo mara nyingi haisimami. Stanley alifika pande hizi mara mbili. Mwaka 1875 wapagazi wake wengi aliwaacha Kageyi, kusini mwa ziwa, yeye akaenda kwa Kabaka Mutesa kwa mashua yake Lady Alice na mabaharia wachache. Mtu aliyemwacha kwa Mutesa na ambaye jina lake linajulikana vizuri ni Dallington Maftaa, kijana aliyesomeshwa na misheni ya Zanzibar. Hilo si jina la shawishi.

Mara ya pili ndiyo ya kumchukua Emin Pasha, gavana wa jimbo la Equatoria, kusini mwa Sudani. Msafara huo uliondoka kwa mtemi Kavalli, magharibi ya Ziwa Albert, tarehe 10 Aprili 1889, na haukugusa Buganda kabisa. Ulishika bonde la Semuliki, ukapita chini ya Rwenzori hadi Katwe penye chumvi, kisha Ankole, Karagwe na kusini mwa ziwa, ukatokea Bagamoyo Desemba mwaka huohuo. Wafuasi wa Emin walioanza safari walikuwa kama 570. Waliofika Pwani hawakutimia 300, na hao wakapandishwa meli kwenda Misri. Kwa hiyo aliyeondoka na Stanley hakubaki Uganda, na aliyebaki Uganda ni yule ambaye Stanley alimwacha. Wazee wamelishika jina kubwa tu. Nao wanakumbuka kweli kwamba palikuwa na Mzungu na palikuwa na safari ndefu.

Walioachwa, askari wa Kisudani wa Emin, walikuwa chini ya afisa wao Selim Bey. Kapteni Lugard, wa kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, aliwakuta kwa Kavalli Septemba 1891, akaondoka na watu wapatao 8,000. Askari humo walikuwa kama 600 tu, waliosalia ni wake, watoto na watumishi. Wengi aliwaweka katika ngome za Toro, akaingia Kampala siku ya mwisho ya mwaka 1891 na kikosi kidogo. Mabaki mengine yaliyokuwa bado ng'ambo ya ziwa, pande za Mahagi, yalichukuliwa na afisa Mwingereza Thruston mwaka 1894. Hizo ni njia mbili za Wanubi wa mwanzo, na mzee wako huenda yumo katika mojawapo.

Sasa shangazi naye asipuuzwe. Mpagazi wa Pwani alikuwa na njia zake. Ya zamani ni Bagamoyo, Tabora, Karagwe, Buganda. Ndiyo aliyopita msafiri Mwingereza Speke, aliyeondoka Pwani mwishoni mwa 1860 akafika kwa Mutesa Februari 1862, maana alikaa miezi mingi njiani kusubiri wapagazi na kubishania hongo na watemi. Ya pili ni Mombasa, Kikuyu, Mumias, Busoga; Lugard aliipita akafika Mengo, makao ya Kabaka, tarehe 18 Desemba 1890. Reli ilipofika Kisumu Desemba 1901, habari ya kutembea kwa miguu kutoka Pwani ikaanza kufa. Mtu aliyekuja 1905 hakutembea.

Ukienda kwa wazee usiwaulize "mwaka gani". Uliza mambo yaliyotokea. Je, walimkuta sotoka anamaliza ng'ombe? Hiyo ni 1890 na 1891. Mtoto wa kwanza alizaliwa kabla ya kodi ya kibanda ya rupia 3? Kodi ilitoka kwenye Mapatano ya 1900. Je, walihamishwa kando ya ziwa kwa sababu ya malale, ambayo Baganda waliiita mongoota? Hayo ni ya baada ya 1900. Swali linalonipa jibu zuri kuliko yote ni hili: mke wake wa kwanza alikuwa gabila (kabila) gani, na wa pili? Mke Mlendu au Mualur anakuonyesha magharibi ya Ziwa Albert. Mke Mtoro anakuonyesha ngome za 1891 hadi 1893. Mke Msoga au Mganda peke yake, bila mwingine kabla yake, hapo shangazi anaanza kupata nguvu.

Kila mzee muulize peke yake, urekodi, uandike tarehe na jina la aliyemsimulia yeye. Ukiwakalisha pamoja, mwenye sauti kubwa ndiye atakayekuandikia nasaba.

Kalamu ya Mwanzi

Nina wasiwasi na hiyo 1310. Tarakimu ya tano ya Kiarabu ni kiduara (٥), nayo sifuri ni nukta tu (٠). Aliyezoea tarakimu za shule anaona kiduara anasoma sifuri. Angalia tena: ikiwa mwishoni ni kiduara, basi ni 1315, si 1310.

Tofauti si ndogo. Kugeuza kwa haraka, zidisha mwaka wa Hijra kwa 0.97 kisha ongeza 622. 1310 inakupa 1892 hadi 1893, wakati wa Lugard na wa Portal, mjumbe wa serikali ya Kiingereza. 1315 ilianza mapema Juni 1897, na huo ndio mwaka wa uasi wa askari wa Kisudani. Angalia pia 2 (٢) na 3 (٣): wino ukififia, jino moja la 3 linapotea.

Kisha jiulize mwaka huo ni wa nini. Kama Kurani ni ya chapa na mwaka umechapwa, ni mwaka wa kiwanda, haukuambii chochote kuhusu mzee. Kama umeandikwa kwa kalamu, soma maneno yaliyo kando yake. "Wulida" ni kuzaliwa, "tuwuffiya" ni kufariki, "waqf" ni kuwekwa wakfu. Piga picha mchana kwa mwanga wa dirisha unaotoka upande mmoja, usiwashe taa ya simu, maana hung'arisha karatasi na kufuta wino hafifu.

Fundi Nishani

Medali usiisugue! Si kwa majivu, si kwa dawa ya meno. Jina liko kwenye ukingo na ndilo linaloondoka kwanza. Ilaze juu ya kitambaa, mulika kwa pembeni kabisa huku unaizungusha polepole. Isiposomeka, funga karatasi nyembamba ukingoni, paka kwa penseli laini iliyolala, herufi zitatoka.

Kama upande mmoja ni Malkia Victoria kuanzia kiunoni, na upande wa pili ni mwanamke mwenye mkuki wa meno matatu, pamoja na simba, chini yake EAST & CENTRAL AFRICA, basi ni ya 1897 hadi 1899. Utepe wake ulikuwa nusu njano nusu nyekundu. Juu yake hukaa vipande vyembamba vya fedha vyenye maandishi: LUBWA'S, UGANDA 1897-98, 1898, UGANDA 1899. Tuambie kipo kipi. Medali hizi zilikwenda kwa askari waliobaki upande wa serikali, na walizipata pia watu wengine waliotumika katika vita hivyo. Lakini kutokuwa na medali si ushahidi kwamba mtu aliasi. Ziliuzwa, ziliyeyushwa kuwa bangili, zilizikwa.

Mtunza Mafaili

Kuhusu London: usikate tiketi. Kuna hatua za karibu.

Kampala kwanza, Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, ambayo zamani ilikuwa Entebbe. Unachotafuta ni barua za ofisi kuu ya Entebbe za kabla ya 1906, wenyewe huuita mfululizo A. Humo mna barua za makamanda wa ngome, orodha za mishahara, madai ya wajane. Uliza kwanza utaratibu wa ruhusa ya kusoma, nenda na kitambulisho, na beba penseli, kalamu ya wino hairuhusiwi mezani. Agiza faili kwa jina la kituo na mwaka, kwa mfano Toro 1893 au Luba 1897 (ngome ya Busoga, ndiyo LUBWA'S ya medali). Ukiomba "faili la Mzee Fulani" utarudi mikono mitupu, hakuna aliyepanga kwa majina ya askari.

Shida kubwa ni tahajia. Karani Mwingereza aliandika alichosikia, na aliyemtajia alisema kwa Kiarabu cha Misri, ambamo J ni G. Murjan inakuwa Murgan, Mergan, hata Morgan. Farajallah inakuwa Faragalla au Fergulla. Rihan inakuwa Rehan. Tengeneza orodha ya namna sita au saba za kila jina kabla hujafungua faili. Tazama pia vyeo: ombashi (koplo), shawishi, bashi-shawishi (sajenti meja), mulazim (luteni), yuzbashi (kapteni). Cheo hugeuka jina, na watoto wakaendelea kulibeba kana kwamba ndilo jina la baba. Huenda "Shawishi" wenu ni jina tu sasa, na mzee mwenyewe aliishia ombashi.

Uingereza, kwenye hifadhi ya taifa pale Kew, London, orodha za medali ziko katika mfululizo WO 100, na zimepigwa picha zinasomeka mtandaoni kwa malipo. Barua za Uganda za kabla ya 1905 ziko FO 2, za baadaye CO 536. Ukijua kikosi na namba, unaweza kuagiza nakala za kurasa chache tu. Ukiagiza faili zima bila kujua, utalipia kurasa mia tano za habari za nyati na mvua.

Kama itathibitika alikuwa wa Pwani, elekea Zanzibar, hifadhi ya Kilimani, mfululizo AA wa ubalozi wa Kiingereza. Hapo kuna mtego. Wapagazi wengi walikuwa watumwa waliokodishwa, na bwana alichukua sehemu ya mshahara. Kwa hiyo jina la pili kwenye orodha linaweza kuwa la bwana, si la baba. "Uledi wa fulani" usikimbilie kumwandika fulani kuwa babu yenu. Speke naye aliacha orodha ya watu wake mwishoni mwa kitabu cha safari yake cha 1863, pamoja na waliotoroka na waliorudishwa. Ni ya kuangalia kwa dakika kumi tu, msafara huo ni wa zamani mno kwa kizazi unachokisema.

Makerere wana nakala za shajara za Lugard, zilizochapishwa kuanzia 1959. Soma Septemba hadi Desemba 1891 ukiwa na ramani kando.

Mbegu na Ukoo

Vipi vipimo vya DNA? Watu wengi siku hizi wanatuma mate.

Karani Mstaafu

Kwa swali hili havisaidii sana, ndugu. Babu wa babu mmoja anakupa wastani wa asilimia 6 hivi ya damu yako. Tena Unubi ni jeshi kabla haujawa kabila: Wamakaraka, Wabari, Wamundu, Wadinka, na wake wa kila mahali walipopiga kambi. Utaambiwa una asili ya Sudani Kusini na maeneo ya maziwa, jambo ambalo Bombo nzima inalijua. Kipimo cha kromosomu Y cha mwanamume wa mstari wa baba kinaweza kutenganisha Pwani na Sudani, kwa hiyo kiweke akiba kwa ajili ya lile suala la shangazi.

Mjukuu wa Bombo

Nimerudi. Kurani imeandikwa kwa mkono na ile ya mwisho ni kiduara, kwa hiyo 1315. Pembeni kuna neno wulida na jina ambalo ni la babu yangu mkubwa, mtoto wake. Medali ina vipande viwili, LUBWA'S na UGANDA 1897-98. Ukingoni kwa penseli zimetoka namba tatu, kisha "Pte" na herufi R-E-H.

Fundi Nishani

Pte ni nafari, askari wa kawaida. Ushawishi ulikuja baadaye, au haukuja. Na mpagazi hangepewa "Pte", kwa hiyo shangazi amepungukiwa, ila Waswahili wa msafara wa afisa Mwingereza Macdonald nao walipigana pale Luba. Soma neno linalofuata jina, ndilo kikosi. Ukiona "Uganda Rif." tafuta WO 100 chini ya Uganda Rifles.

Mtunza Mafaili

Nenda na namba, si na jina. Rehan utawakuta wengi. Na Kampala uombe barua za Luba na Busoga kuanzia Oktoba 1897 hadi Februari 1898. Mtoto amezaliwa 1315 wakati baba yuko vitani, kwa hiyo mama alikuwa kituo gani? Uasi ulianzia Ravine (Eldama Ravine, Kenya ya leo) Septemba 1897, na mojawapo ya manung'uniko ya askari ilikuwa kuambiwa wasafiri bila familia zao, juu ya mshahara mdogo uliochelewa. Wake walibaki vituoni, na orodha za posho za vituo huhesabu wake. Uliza gabila ya mama huyo kabla hujaja mjini.