Tupeane uzoefu: kikundi cha akina mama kijijini kwenu kilianzaje, na kimepitia nini?

Mama Kahawa: Habarini wapendwa. Leo nimekuta kitabu cha hisa cha kikundi cha akiba cha marehemu mama yangu mkubwa, kimekunjwa ndani ya kanga. Mihuri ya hisa alizonunua bado inasomeka, na ukurasa wa mwisho kaandika kwa penseli nani anadaiwa debe la mahindi. Wanawake wa vikundi hivi walijenga nyumba na kusomesha watoto, na hakuna mahali palipoandikwa habari zao. Mwenye kumbukumbu aiweke hapa.

Mjukuu wa Pangani: Kwetu ilianza ngoma. Sare za kanga, kupikiana harusini, kuzikana, ndipo hela zikafuata.

Hesabu Kali: Tusidanganyane, haya mambo yameletwa na wafadhili. Mfumo wa kununua hisa, kuweka akiba kwenye sanduku na kukopeshana, shirika la CARE waliuanzisha Niger mwaka 1991, ndipo ukasambaa mpaka kwetu.

Mjukuu wa Pangani: Sanduku sawa, nakubali. Umoja wenyewe ulikuwepo. Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba, Dar es Salaam, kabla ya kuanza kazi ya TANU mwaka 1955, na aliwafikia wanawake kupitia vikundi hivyo hivyo vya ngoma. UWT, yaani umoja wa wanawake wa nchi nzima, imekuja 1962. Bibi Titi asingekuta akina mama wamezoea kukutana na kuchanga, angeanzia wapi?

Wa Nyeri: Huku Kenya Maendeleo ya Wanawake ilianza 1952, chini ya serikali ya mkoloni, na nyanya yangu hakuipenda kamwe. Alichojivunia ni vikundi vya mabati, baada ya uhuru. Walikuwa wanalima vibarua pamoja, pesa haigawanywi, anaezekewa mmoja. Wakimaliza wanahamia kwa mwingine mpaka nyasi ziishe kijijini. Yeye alikuwa karibu wa mwisho, na alisubiri bila kunung'unika.

Dada Mpole: Nyumba ya bibi yangu ni mabati hayo hayo. Mungu awabariki.

Binti wa Mbozi: Mama Kahawa, umenigusa pabaya. Mama yangu alikuwa mtunza sanduku.

Lilikuwa la chuma, kufuli tatu, funguo kwa wanawake watatu wa vitongoji tofauti, na sanduku linalala kwetu chini ya kitanda. Mnajua siku ya kuvunja, yaani kugawana akiba, ilivyo: watu wamepanga ada, mbolea, mwingine bati. Wanachama wamekaa kwenye mikeka, wali unachemka, watoto tumeoga. Wa kwanza akafungua, wa pili, wa tatu. Ndani mna daftari, mhuri na bakuli la faini. Hela hakuna.

Sijawahi kusikia kimya kile tena. Kisha kelele. Wenye funguo wanaapa, mmoja anavua kitenge cha kichwani anakitupa chini. Mwenyekiti ndiye aliyeligeuza sanduku. Bawaba za nyuma zilikuwa na kutu, ila moja ilikuwa na msumari mpya unang'aa. Mtu aling'oa pini kwa nyuma, akachukua hela, akarudisha. Kufuli hazikuguswa.

Macho yote kwa mama. Hakulia. Alisema, "Limelala kwangu, deni ni langu."

Kijana wa Mji: Ikawaje? Nani alichukua?

Hesabu Kali: Mume, bila shaka.

Dada Mpole: Huyo ni baba wa mtu, jamani, chunga mdomo!

Binti wa Mbozi: Baba alishafariki. Mwizi hakujulikana. Mama aliuza ng'ombe, akalipa kilichobaki kwa mahindi ya misimu miwili. Kuna waliomtukana sokoni. Lakini msimu wa pili wenzake wa kikundi walikuja alfajiri, kila mmoja na mundu wake, wakamvunia shamba lote.

Mama Kahawa: Nimelia. Mpe mama salamu zangu.

Wakala wa Simu: Ndiyo maana nawaambia hela ikae kwenye akaunti ya simu ya kikundi. Kutoa mpaka wathibitishe watu watatu.

Mjukuu wa Pangani: Na makato je? Na mtandao ukikosekana siku ya msiba? Hela isilale, ikopeshwe yote siku hiyo hiyo mkutanoni.

Hesabu Kali: Ikopeshwe yote halafu wagoma kulipa mkawabebee sufuria? Pelekeni benki.

Kijana wa Mji: Sanduku likalale kwa bibi mwenye mbwa mkali.

Mwanachama Mpya: Samahani wakubwa, sisi tuko kumi na wawili, tunataka mkopo wa halmashauri. Ile asilimia 10 ya mapato yake ya ndani ilirudi?

Hesabu Kali: Ilisimamishwa 2023, ikarejeshwa 2024. Wanawake asilimia 4, vijana asilimia 4, wenye ulemavu asilimia 2, haina riba. Mwone afisa maendeleo ya jamii wa kata, awaelekeze usajili na katiba.

Binti wa Mbozi: Mdogo wangu, kwenye hiyo katiba andikeni sanduku likiibiwa nani analipa. Ya kwetu ilitaja faini ya kuchelewa na ya kupokea simu kikaoni. Hilo halikuwemo.

Mwanachama Mpya: Asante dada. Tunakaa Jumamosi, nitalisema kabla ya kununua kufuli.